Damu ya Pande Mbili

Ndugu Sadoki hakushuka garini. Alimtuma dereva wake ashushe kasha la bia lililofunikwa kwa gunia, alifikishe mpaka miguuni pa Oswaldi, ndipo akateremsha kioo cha Landrova nusu.

"Mali yako hiyo," alisema. "Nimeirudisha."

Ilikuwa saa nne asubuhi, katikati ya mwezi wa sita, na upepo wa Ufipa ulikuwa ukipenya kati ya nyumba za kijiji kilichojengwa kwa mstari miaka mitatu iliyopita, wakati watu walipohamishwa. Waliokuwa wakielekea shamba la ushirika na majembe mabegani wakapunguza mwendo. Oswaldi alipiga magoti, akaondoa gunia. Ndani alijikunja mbwa mdogo wa rangi ya manjano, wa miezi mitano, kichwa kimelala juu ya miguu kama kimemzidi uzito. Alimtambua hapo hapo. Alikuwa wa tatu kuzaliwa kati ya watoto saba wa mbwa wake Tunu, na wa kwanza kufumbua macho.

"Amefanya nini?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye fundi wao. Asubuhi ukimtoa kwenye baridi, hatua kumi tu, miguu inalegea, anaanguka kama mlevi. Wageni wangu wanacheka. Na mimi ndiye niliyemwambia mkubwa wangu ofisini kwamba mbwa wa Oswaldi hawana kasoro, mpaka naye akaandikisha jina asubiri uzao ujao. Sasa uso wangu nauweka wapi?"

"Nitakurudishia fedha yako, Ndugu Sadoki."

"Mia na ishirini. Mwisho wa mwezi." Kioo kikapanda, na gari likageuza kuelekea mjini, mtaa wa Chanji, ambako afisa huyo wa ugavi alikuwa akiishi.

Oswaldi akabaki amepiga magoti pale pale mbele ya watu. Fedha ingeuma, lakini iliyomuuma zaidi ni ile kauli ya kasoro. Mbwa wa aina ya Labrado hawakuwa wengi nchi ile, na wa kwake walijulikana mpaka Mpanda. Tunu aliachiwa yeye na mzungu mjenzi wa barabara, ambaye Oswaldi alikuwa akimtunzia bustani, na pamoja na mbwa aliachiwa kazi: jike asipandishwe kabla hajatimiza miaka miwili, akishazaa apumzishwe, dume aulizwe ukoo, watoto wapewe dawa ya minyoo, wasitengwe na mama yao kabla ya wiki nane. Oswaldi aliyashika yote hayo kama katekisimu. Mwaka uliopita alitembea siku mbili kwenda kumwona mbwa mweusi wa padri mmoja wa huko kusini, akamtazama meno, macho na nyonga, akahakikisha kwamba hakuzaliwa nyumba moja na Tunu. Watoto walipofika wiki ya tano, mkubwa mmoja alikuja na noti mkononi akitaka kuchukua wawili. Oswaldi akamwambia, "Bado wananyonya, mzee," na mkubwa akaondoka amenuna. Kijijini walimcheka. Walisema Oswaldi anaulizia ukoo wa mbwa kuliko wenzake wanavyoulizia ukoo wa wachumba.

"Nini tena?" Fransiska, mkewe, alitoka nyumbani akiwa amembeba mgongoni binti yao Agnesi, mtoto wa miaka mitano ambaye kwa umri wake alipaswa kuwa anakimbia na wenzake. Vidole vya mtoto vilikuwa vimevimba tangu Jumapili. Kila baridi ilipoanza, mifupa ilianza kumuuma, na macho yake yakawa ya manjano.

"Mtoto wa Tunu. Hana nguvu."

Fransiska akamwangalia mbwa kwenye kasha, akamwangalia mumewe. "Na huyo naye," alisema polepole, akarudi ndani.

*

Siku ya kuogesha ng'ombe, Oswaldi alimbeba yule mbwa mikononi mpaka kwenye josho. Fransiska alifuatana naye, kwa kuwa zahanati ilikuwa njia hiyo hiyo na vidonge vya Agnesi vilikuwa vimekwisha. Bwana Mifugo, kijana wa Kinyakyusa aitwaye Andwele, alikuwa ameshamaliza foleni ya ng'ombe na ananawa mikono kwenye ndoo. Alitoka Tukuyu, akasomea kazi yake Mpwapwa, na hakuwa na kiburi cha mjini.

Alimweka mbwa chini, akamsukuma kidogo atembee. Mbwa akarukaruka kama sungura, miguu ya nyuma kwa pamoja, akafika kwenye kivuli cha ukuta, akaanguka. Andwele akamminya mapaja, akamgonga goti kwa kifundo cha kidole.

"Nyama hazijengeki. Wenzake wakoje?"

"Kuna mwingine yuko kwa Anyosisye, yule mwenye duka sokoni. Nimesikia naye hivyo hivyo. Watano wazima."

"Mama yao?"

"Tunu? Unamjua. Anamkimbiza sungura mpaka anamchosha."

"Na baba?"

"Nilimwona kwa macho yangu akiruka ua. Sikumpandisha na ndugu yake, Bwana Mifugo, niliuliza!"

"Uliuliza mama. Babu yake uliuliza?"

Oswaldi akamwinua mbwa, akajaribu kumsimamisha tena.

Andwele akachuchumaa. "Sikulaumu. Hata mimi ningewaona wale wawili ningesema wapandishwe. Tazama. Umeshapanda punje za mahindi ya njano tupu, ukavuna bunzi lenye punje nyeupe hapa na pale?"

"Mara nyingi."

"Weupe ule ulitoka wapi? Ulikuwamo ndani ya ile njano, umejificha. Ukiwa peke yake hauonekani. Ukikutana na mwenzake kutoka upande wa pili, unatokeza. Tunu amebeba nusu ya ugonjwa huu, na yule mweusi amebeba nusu. Wote wazima. Hakuna jicho linaloweza kuuona. Wamekutana, basi kila watoto wanne, mmoja hivi anaangukiwa na nusu zote mbili."

"Nani aliwatia hiyo nusu?"

"Hakuna aliyewatia. Ni damu. Wamezaliwa nayo, na waliowazaa walizaliwa nayo."

Fransiska, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akimkinga mtoto na upepo, ndiye aliyeuliza.

"Na watu je, Bwana Mifugo?"

Andwele akageuka, akamwona Agnesi vizuri kwa mara ya kwanza: macho, vidole, magoti yaliyozidi mapaja kwa unene.

"Mimi ni wa ng'ombe, mama. Siwezi kusema la watu. Huyu anaumwa nini?"

"Mifupa. Na wawili kabla yake walikufa hivi hivi. Basil, halafu Polikarp. Zahanati wanatupa aspirini na dawa ya malaria."

"Mpelekeni hospitali ya mjini. Msiseme tu anaumwa mifupa. Semeni wako wawili waliotangulia, na ombeni damu ipimwe. Yake, na ya kwenu wote wawili."

*

Walipimwa Alhamisi. Ijumaa mchana daktari aliwaita kwenye chumba chenye meza moja na kiti kimoja, akawaeleza wakiwa wamesimama. Alichora kwenye karatasi duara, halafu akachora kitu kilichopinda.

"Chembe za damu huwa mviringo. Za mtoto wenu zimepinda kama mundu. Zikipigwa na baridi zinakwama kwenye mishipa, ndiyo hayo maumivu. Ninyi wawili ni wazima, lakini kila mmoja amebeba nusu yake."

"Nusu," alisema Oswaldi.

"Ndiyo. Nani alikueleza?"

Oswaldi hakuweza kusema kwamba alielezwa habari za mbwa. "Tiba yake?"

"Ya kuuondoa hakuna. Maji mengi, asipigwe na baridi, ameze vidonge hivi kila siku. Wapo wanaofika ukubwani." Akaanza kuandika. Hakuwatazama aliposema hayo ya mwisho.

Walitoka wakapita sokoni bila kununua kitu, wakashika njia ya kurudi kijijini, mwendo wa saa tatu, wakipokezana mtoto. Kila mmoja alijua mwenziwe anamfikiria nani. Walipofika bondeni, mahali pa kuvuka kijito, Fransiska akamkalisha mtoto juani na kusimama.

"Mimi ndiye niliyesema," alisema. "Polikarp alipokufa, ni mimi niliyesema kwamba mama yako hulala na wajukuu na wajukuu wanakwisha. Nilisema kisimani, mbele ya wanawake. Siku ya tatu mganga akaletwa."

"Nyamaza, Mama Agnesi."

"Sinyamazi. Mimi nilisema, na wewe ukanyamaza. Walimnyoa nywele ukanyamaza. Walimnywesha dawa yao ukanyamaza. Siku ya pili ya dawa alipokubali kwamba ni yeye aliyewala, ukabeba kisanduku chake, ukakipakia kwenye lori la kwenda Kaoze."

"Wangemwua. Nilimwondoa ili wasimwue."

"Ndivyo unavyojiambia." Alikuwa analia sasa, bila kupandisha sauti, ili mtoto asishtuke. "Kwa ajili ya mbwa ulitembea siku mbili ukiulizia ukoo. Kwa mama yako mzazi hukuvuka hata njia ukaniuliza nina hakika gani."

Oswaldi akamwinua Agnesi, akavuka kijito, akashika njia ya nyumbani.

*

Wiki ile aliuza magunia mawili ya ulezi na mbuzi mmoja, akamrudishia Ndugu Sadoki fedha yake, mlangoni, bila kukaribishwa ndani. Kisha akawazungukia wote waliochukua watoto wa Tunu. Alisema jambo lile lile kila nyumba: mbwa wako huenda amebeba nusu ya ugonjwa, ni mzima na atakutumikia, lakini usimzalishe. Ukiwa na dume, Bwana Mifugo atamhasi bila malipo.

Mfanyabiashara Anyosisye alimsikiliza akiwa ameegemea kaunta, huku wateja wakingoja sabuni iliyopatikana siku hiyo. Yule wa kwake aliyelegea alikuwa ameshakufa.

"Kwa hiyo umetembea mguu mpaka hapa kuja kujiharibia biashara?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mjinga, rafiki yangu. Ungenyamaza. Nani angejua?" Akawageukia wateja. "Mmemsikia? Anasema mbwa wake wabovu!" Duka zima likacheka. Oswaldi alitoa kofia, akaomba amrudishie Anyosisye fedha zake kwa awamu, akaivaa tena, akatoka.

Yule mkubwa wa Ndugu Sadoki alimtumia ujumbe kwamba hajali habari za nusu, anataka dume la manjano, na malipo yatakuwa mara mbili. Oswaldi akajibu kwamba Tunu hatazaa tena. Mbwa aliyerudishwa alibaki naye. Alimfanyia kitanda cha majani ya ulezi karibu na mafiga, na jua lilipotoka alimweka ukutani pamoja na Agnesi. Mtoto alimfunika kwa khanga yake na kumsimulia mambo mengi.

Lakini kazi yote hiyo ilikuwa kama kupalilia shamba la jirani wakati la kwako linazama kwenye magugu. Mwanzoni mwa mwezi wa saba, Oswaldi aliomba nafasi kwenye lori lililokuwa likishuka bonde la chini, upande wa Kaoze, kufuata mpunga.

*

Lori liliteremka Lyamba lya Mfipa, ule mteremko mkali wa mlima, kona baada ya kona, na kila kona ilipopita joto liliongezeka. Kutoka mahali liliposimama alitembea mpaka Kaoze, shati limemganda mgongoni. Mama yake, Kalista, alikuwa akiishi kwa binamu wa mbali, katika kibanda nyuma ya jiko lao. Alimkuta amekaa mlangoni akipepeta mchele wa watu. Amekonda. Nywele zilikuwa zimeota tena, nyeupe zote.

"Shikamoo, mama."

Mkono wenye ungo ukasimama. "Marahaba." Akamsogezea kigoda, akakiweka mbali naye, kama mtu anavyomwekea mgeni wa heshima asiyemzoea. "Habari za huko juu?"

"Nzuri."

"Ulezi ulikubali?"

"Ulikubali."

"Paa lile la nyuma mliezeka?"

"Tuliezeka."

"Na Tunu hajambo?"

"Hajambo, mama."

Aliuliza habari za kijito, za padri, za mti wa mpichi nyuma ya nyumba. Oswaldi alingoja amuulize Agnesi, mjukuu aliyelala kifuani pake miaka mitatu, lakini hakumuuliza. Ikampitikia taratibu kwa nini: mtu aliyeambiwa anakula watoto haulizi habari za mtoto. Hata kulitaja jina kungeweza kuhesabiwa kuwa ni kumtaka.

Alipopokea maji, aliona mkononi mwa mama yake, juu ya kifundo, alama nyeusi iliyozunguka, ngozi imekuwa ngumu.

"Mkono umefanya nini?"

Kalista akashusha mkono wa gauni. "Kamba."

"Nani amekufunga?"

"Najifunga mwenyewe nikilala. Kwenye mguu wa kitanda." Alisema kama anayeeleza namna ya kupika. "Walisema natoka nikiwa usingizini bila kujijua. Mimi nilikuwa sikumbuki kitu, mwanangu. Mwanzo nilikubali kwa sababu nilichoka, na dawa yao ilinikata tumbo. Baadaye nikafikiri, watu wote wale watakuwa wamekosea? Mkwe wangu, balozi, mwenyekiti? Na mwanangu mwenyewe? Nikaanza kuamini. Sasa nafunga fundo gumu, ili nikitaka kutoka nijue."

Oswaldi akashuka kwenye kigoda, akakaa chini, mavumbini. Akamweleza yote: mbwa wa Tunu, punje za mahindi, daktari na kitu chake kilichopinda. Alieleza vibaya, akarudia, akachanganya mbwa na watoto. Mama yake alimsikiliza akiokota mawe kwenye mchele, moja moja.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe, mama."

"Hata usingizini?"

"Hata usingizini. Ni mimi na Fransiska. Ilikuwamo kwenye damu yetu."

Kalista akaweka ungo chini. Akaitazama mikono yake, upande huu na upande ule. Halafu akajifunika uso kwa upande wa khanga, na mabega yake yakatikisika muda mrefu bila sauti. Oswaldi hakuthubutu kumgusa.

"Nimekuja kukuchukua," alisema mwishowe. "Lori linarudi kesho."

"Yule mtoto atapona?"

"Daktari alisema wapo wanaofika ukubwani."

"Sikukuuliza hao."

Oswaldi akatazama mchele kwenye ungo.

"Basi siji," alisema mama yake. "Nikija, halafu akafa nikiwa pale, utaniangalia."

"Mama! Nimekwambia..."

"Nimekusikia. Na najua unaamini unachosema. Lakini siku hiyo utaniangalia, mara moja tu, na mimi nitaliona hilo jicho. Sitaweza kulibeba, Oswaldi. Hili la kwanza lenyewe sijui nimelibebaje." Akainuka, akaanza kutafuta kuni za kumpikia. "Uliponipakia kwenye lori, kijiji kizima kilikuwa kimesimama. Kama ni damu, kawaambie hao. Mimi nimeshakusamehe, ulikuwa na woga. Lakini kawaambie."

*

Alisema kwenye mkutano wa kijiji wa Jumatatu, baada ya habari ya mbolea. Mwenyekiti Flavian alimpa dakika mbili. Oswaldi alisimama na kofia mkononi, akasema watoto wake walikufa kwa ugonjwa wa damu, daktari ameupima, umetoka kwake yeye na kwa mkewe, na mama yake hakuwa na kosa lolote. Alipofika kwenye habari ya Bwana Mifugo, mtu mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe amesoma kwa mbwa!" na vicheko vikaanza.

"Anamfananisha mama yake na mbwa!"

Mzee mmoja, ambaye mwaka ule ule wa mganga alimfukuza shangazi yake, hakucheka. Alisimama. "Unataka kusema nini, Oswaldi? Kwamba tulikosea? Sote? Maana kama yako ni damu, na ya kwangu je?"

Oswaldi alitaka kumjibu kwamba hajui, kwamba na yeye aende akapime. Lakini mwenyekiti aliinua mkono.

"Ndugu Oswaldi, kikao hiki hakina ajenda ya wachawi. Serikali haitambui uchawi. Tumefunga jambo hilo." Akafungua daftari. "Tuendelee na zamu za shamba la ushirika."

Fransiska alikuwa upande wa wanawake. Alisimama naye akasema, "Ni mimi niliyemsingizia." Lakini walikuwa wameshaanza kuita majina ya zamu, na waliomsikia walitazama chini.

*

Agnesi alifariki tarehe ishirini na sita ya mwezi wa saba, saa tano asubuhi, baada ya siku nne za maumivu ya kifua. Walikuwa wamemvika sweta mbili na kumweka karibu na moto. Alikuwa amenywa maji yote aliyopewa, kwa utii, kwa sababu daktari alisema maji mengi. Walimzika kesho yake kando ya kaka zake.

Oswaldi alituma salamu bondeni kwa dereva wa lori. Hakutuma ombi lolote. Alituma habari tu.

Siku ya nne ya matanga, jua likiwa limeinama, wanaume waliokaa uani wakanyamaza mmoja mmoja. Oswaldi alitazama walikotazama. Mama yake alikuwa amesimama njiani, nje kabisa ya uwanja, na furushi kichwani na vumbi mpaka magotini. Lori halikupanda wiki ile. Alikuwa ameipanda Lyamba lya Mfipa kwa miguu.

Hakuingia. Alisimama pale kama mtu anayesubiri kuambiwa ageuze. Mwenyekiti Flavian akakohoa. Mtu akanong'ona kwamba amekuja kuhakikisha kazi yake imekwisha. Oswaldi aliinuka, lakini kabla hajapiga hatua mlango wa nyumba ukafunguliwa na Fransiska akatoka, kichwa wazi, bila viatu. Akapita katikati ya wanaume, ambapo mwanamke mfiwa hapiti, akafika njiani, akamtua mkwewe furushi, akamshika mkono. Alimshika pale pale kwenye alama ya kamba. Akamwongoza mpaka ndani, akamkalisha kwenye mkeka wa wafiwa, mahali pake mwenyewe, akakaa pembeni yake.

Kisha mwanamke mmoja akakumbuka kwamba ana mtoto nyumbani. Mwingine akakumbuka ng'ombe. Walitoka kwa adabu, wakiinama mlangoni, mpaka mkeka wote ukabaki na wanawake wawili. Uani nako vigoda vikaanza kusogezwa.

Oswaldi alisimama nje ya dirisha. Alimsikia mama yake akiuliza, kwa sauti ndogo, kama anayejaribu maneno ya lugha aliyoisahau:

"Agnesi meno ya mbele yalikuwa yameshang'oka?"

"Moja," alisema Fransiska. "La chini. Alilitupa juu ya paa mwenyewe."

"Radi, alikuwa bado anaiogopa?"

"Alikuwa anaiogopa. Alikuwa anajificha uvunguni."

"Alijua kuhesabu?"

"Mpaka thelathini. Halafu anarudi ishirini na moja."

"Alinisahau?"

"Mwanzo alikuuliza kila siku," alisema Fransiska. "Baadaye tulimkataza."

Ndani vilio viwili vikaanza kwa pamoja, na maswali yakaendelea katikati ya vilio hivyo, moja baada ya jingine: alipenda chakula gani, alilala upande upi, nguo gani wamemzika nayo. Oswaldi aligeuka, akaona kwamba na wale waliokuwa wakipika chakula cha matanga wameondoka, wameacha sufuria ya maharage juu ya mafiga na moto umezimika. Akaenda jikoni, akapanga kuni, akapuliza makaa mpaka yakashika, kwa sababu mama yake alikuwa ametembea siku mbili na mkewe hakuwa amekula tangu jana.